Gari la Tatu ni Mimi

Kaka,

Chai ya mama iko kwenye chupa. Ukishapata watu, lisukumeni gari polepole mpaka sokoni, maana chaji imekwisha kabisa.

Nimerudi nyumbani mara moja kuchukua mwavuli. Mashine ya kuchajia magari ni ile moja tu ya sokoni, mji mzima, na foleni imefika barabarani. Mlinzi aliniuliza, "Dada, gari lako liko wapi?" Niliona haya, nikajibu, "Ni mimi." Akaniandika namba tatu mgongoni kwa chaki. Foleni ikisogea, nami nasogea. Nikichelewa, wa nyuma ananipigia honi. Sasa hivi kigoda chetu kinanishikia nafasi.

~~Tafuta mtu mwingine, mimi siwezi.~~ Narudi.

Jana ulinicheka kwamba hata muuza mkate siwezi kumsalimia. Leo mzee mmoja alitaka kunipita na gari lake. Nikasimama mbele yake: "Shikamoo baba. Rudi nyuma." Akarudi rivasi hadi mwisho wa foleni.

Fanyeni haraka, mama anatolewa bandeji ya jicho hospitalini saa sita. Tena mlinzi ameapa kwamba zamu ya namba tatu ikifika, atachomeka waya bila kuuliza.

Mdogo wako