Mrija wa Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Julai 1973

Kikundi chetu cha kusikiliza Mtu ni Afya redioni kimekaa uani kwetu leo. Redio ya balozi wetu wa nyumba kumi, Ildefons, ilikwaruza mpaka akaipiga kofi, ndipo ikasema. Wiki iliyopita ilikuwa maji — chemsheni, chemsheni! Watu walicheka: kuni za nani? Leo kifua kikuu. Hakuna aliyecheka.

Redio ikinyamaza mimi ndiye ninayesoma kitabu, kwa kuwa nilimaliza darasa la nane na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka. Nikasoma. Kikohozi kisichoisha. Kukonda. Jasho usiku. Damu kwenye makohozi. Wanaitikia ndiyo, ndiyo, kama litania.

Na nyuma kabisa, kwenye kigoda chake, Baba mkwe anakohoa.

Jovita wangu yuko magotini pake. Kati yao kibuyu, maji matamu ya ndizi ambayo bado hayajawa pombe ya rubisi, na mrija mmoja wa tete. Babu anafyonza, mjukuu anafyonza. Mstari uliofuata ulisema mtu mwenye kikohozi cha namna hii asinywe chombo kimoja na watoto. Nikauona. Nikauruka! Nikasoma ule wa madirisha.

Jumatano, 4 Julai

Nimemwambia mume wangu, Privatus. Alikuwa ametoka kwenye mizani ya kahawa, amechoka, nilichagua saa mbaya. Anasema baba yake anakohoa tangu yeye hajazaliwa, ni moshi wa jikoni na kiko. Nikasema basi angalau Jovita awe na mrija wake. Akaniangalia kama nimevua nguo barabarani.

Najua, najua! Sikuzaliwa Ulaya, nimezaliwa Kishanda. Anayekupa kinywaji huanza yeye mwenyewe, uone hakuna sumu, ndipo anakugeuzia mrija. Ukiukataa umemwita mchawi. Hata kwa niaba ya mtoto huwezi kukataa.

Lakini shati la mzee sasa linamning'inia kama limeanikwa. Hilo nalo ni moshi?

Ijumaa, 6 Julai

Nimeona leo.

Nilikuwa nakata majani ya kufunikia ndizi. Baba mkwe alikuwa kibanjani, kwenye migomba, hakujua nipo. Akakohoa muda mrefu, ameshika mgomba. Akatema kwenye jani. Aliponiona akalifukia kwa kidole cha mguu, akasema ni kahawa, alikuwa anatafuna kahawa.

Nami natafuna kahawa. Mate ya kahawa ni ya hudhurungi. Yale yalikuwa mekundu.

Mwandiko wangu leo ni wa mlevi. Jioni Jovita akamkimbilia babu yake kama kawaida. Nikamwita akateke maji na mimi. Mtungi ulikuwa umejaa.

Jumapili, 8 Julai

Nimefanya balaa.

Baada ya misa ndugu walikuja. Rubisi kwa wakubwa, na kile kibuyu kidogo cha maji matamu. Baba mkwe akaonja, akakohoa, akapangusa mrija kwa kiganja, akamgeuzia Jovita. Sikufikiri. Nilimnyakua mtoto mbele ya watu wote, mrija ukaanguka chini.

Ndugu wakaweka vibuyu chini.

Mama mkwe, Ma Kokubanza, ndiye aliyesema kwanza. Polepole. "Mkamwana, umeona nini katika kibuyu cha mume wangu?"

Ningesema damu? Mbele ya ndugu zake, nimvue mzee nguo? Nikasema, "Kitabu kinakataza, Mawe, mama yangu."

"Kitabu kipi waitu, mwana wetu? Ulitusomea wewe mwenyewe. Hilo halikuwamo."

Wote wakamgeukia Ildefons. Akakuna kichwa, akasema kwa kweli na yeye hakulisikia. Hakulisikia kwa sababu sikulisoma! Nilichimba shimo Jumatatu nimeingia Jumapili. Baba mkwe aliinama. Aliokota mrija wake, akaufuta vumbi, akaingia ndani.

Jumanne, 10 Julai

Mama mkwe anapika peke yake. Kisimani wanawake walinisalimu kwa adabu — adabu ile ya msibani. Privatus anakula, anatoka. Jovita analia kutwa, anamtaka babu, na akilia namwangalia mbavu. Amekonda au naota?

Ninachoogopa zaidi nakiandika hapa, sitakisema. Wakinirudisha Kishanda nitarudi peke yangu. Mtoto ni wa ukoo wao. Atabaki kwenye yale magoti, kwenye ule mrija, na hatakuwapo wa kumwita akateke maji.

Alhamisi, 12 Julai

Ildefons amekuja na neno la wazee. Jumapili wanakaa. Ninywe mrija wa Baba mkwe mbele ya watu, yaishe.

Nikasema nitakunywa. Na Baba mkwe aende hospitali ya misheni apimwe makohozi.

Ildefons akashika kiuno. "Benadetha! Mwenye kesi ni wewe, halafu wewe ndiye unatoa masharti?"

Ndiyo, mimi. Nilishangaa sauti ilikotoka. Lakini aliupeleka ujumbe, nilimwona akipita mlangoni pao. Nikipata ugonjwa mimi je? Nani atamlea?

Jumapili, 15 Julai

Nimekunywa.

Walikaa kwa mstari, wanaume kwenye vigoda, sisi kwenye nyasi. Baba mkwe akaonja. Akakohoa, akageuza uso pembeni, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akapangusa mrija. Si mara moja — akapangusa, akapangusa tena kwa pindo la kanzu, kama mtu anayesugua kutu. Akanigeuzia.

Nilipiga magoti, nikashika kibuyu. Uso wake ulikuwa karibu, na akaniambia kwa Kihaya, chini chini, asisikie mwingine: mwana wange, ulichokiona kwenye jani na mimi nilikiona. Unaogopa mrija, mimi naogopa hospitali. Kaka yangu aliingia kwa miguu yake akatolewa amebebwa.

Nikafyonza. Tamu. Sikumeza haraka, watu walikuwa wanaangalia koo langu.

Wakapiga makofi! Kisha mrija ukaendelea, Ildefons, ndugu, majirani, mdomo kwa mdomo, kwa furaha ya kupatana. Na mimi niliyejua nikakaa nikitabasamu. Mama yangu, nimefanya nini?

Kesho Baba mkwe anakwenda hospitali, na Privatus.

Jumatano, 18 Julai

Hawajarudi. Basi la jana lilipita bila kusimama.

Asubuhi Mama mkwe alikuja mwenyewe kuazima mfuniko wa sufuria. Kitu kidogo, lakini nilitaka kulia. Tulikaa kidogo, akasema mzee akirudi tutapika senene. Senene, panzi wa Novemba, mwezi huu? Tukacheka wote wawili.

Ameondoka tu, namgeukia Jovita, yuko kwenye mtungi, anafyonza maji kwa mrija. Mrija wa babu! Mzee aliuacha umechomekwa kwenye nyasi za paa, mtoto amepanda kinu akauchomoa. Anasema anamtunzia.

Nimemnyang'anya. Nini sasa? Kuuchoma siwezi — mrija wa mzee aliye hospitali, ukiuchoma watasema umemzika angali hai. Kuurudisha ulivyo siwezi, kesho atapanda kinu tena. Ndipo nikakumbuka lile somo. Chemsheni, chemsheni. Nitauchemsha, niukaushe, niuchomeke pale pale, hakuna atakayejua. Nilijiona mwerevu!

Maji yanatokota. Naandika huku nachungulia moto. Mrija unazunguka juu ya maji, umeanza kutoa rangi, na harufu ya rubisi ya miaka yote imejaa nyumba, imetoka mpaka uani. Na sasa ndiyo naona ninachokifanya. Mkamwana, peke yake jikoni, mzee yuko kitandani hospitali, na kitu alichokigusa kwa mdomo wake ninakipika kwenye sufuria. Hivyo ndivyo wachawi wanavyofanya.

Honi barabarani. Basi limesimama safari hii, nalisikia linanguruma. Nani ameshuka? Mmoja au wawili?

Mama mkwe naye ameisikia. Anakuja mbio kuniita, anaimba jina langu njia nzima, Benadetha, Benadetha waitu, wamefika! Yuko mlangoni.

Nifunike sufuria. Mfuniko anao yeye mkononi.