Bangili ya Mgeni Nisiyemjua

Azaiba, Maskati
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Dada yangu Rukia, kipenzi changu,

Nakusalimu kama nilivyokuwa nikikusalimu asubuhi nyumbani, nimekuganda mgongoni hata huwezi kwenda kuwasha jiko mpaka umesikiliza ndoto yangu yote. Hujambo? Kifua cha mama kimetulia? Mtoto ameshaota meno? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haukai mahala pake tangu Jumatatu, na nimeshika kalamu kwa sababu siwezi kukaa bure.

Nianze na la raha, kwa sababu uliniuliza kama Seif ni mzuri kama ile picha tuliyoletewa. Dada, picha imemdhulumu. Picha haionyeshi anavyocheka kwa macho kabla mdomo haujajua. Haionyeshi anavyonimenyea chungwa, akanipa mimi lote, yeye akabaki kunusa maganda na kusema ameshiba. Kila siku akirudi kazini, gari likifika langoni, hupiga honi mbili fupi, na mimi huacha chochote nilichoshika nikamkimbilia. Wifi yangu Zuwena, mdogo wake, ananicheka kwamba ipo siku nitaunguza mchuzi kwa ajili ya honi. Nimeshauunguza mara mbili, sijamwambia.

Kazi yake ni kukagua vyakula vinavyoshushwa bandarini. Bila saini yake chakula hakitoki. Mwezi uliopita alizuia makontena ya maziwa ya unga ya mfanyabiashara mmoja, kwa sababu makopo yalifutwa tarehe ya zamani na kupigwa mpya. Alitusimulia huku anakula, kama mtu anayesimulia foleni ya barabarani, na mimi pale kwenye busati nikajiona nimeolewa na staringi wa filamu mwenyewe.

Sasa ndiyo hiyo Jumatatu. Zuwena alikodi filamu ya Kihindi, mpya, ya polisi. Unajua zinavyokuja kaseti mbili. Tulikaa baada ya chakula, mimi, yeye na mavyaa, mama yao, tukakaanga karanga na kufunga mapazia. Staringi ni inspekta kijana asiyekula rushwa, mwenzake kazini ni mzee anayekaribia kustaafu, naye msafi, na wakubwa wote waliobaki wamenunuliwa na adui. Inspekta ameoa juzi tu. Wanaimba kwenye bustani, mke anakimbia nyuma ya miti, nami nikawa nalia kwa furaha, unanijua. Kisha mke wa adui akaja nyumbani kwa yule bibi harusi na sinia la vitamu na bangili, akamwita mwanawe, akamvisha. Siku chache baadaye inspekta anahojiwa mbele ya wakubwa, adui akacheka akasema mwulizeni mkewe amevaa nini. Mke akasimama. Bangili zikalia mkononi mwake. Inspekta akageuka kumtazama, na kaseti ya kwanza ikaishia hapo.

Zuwena akainuka kuweka ya pili. Mimi nilikuwa nautazama mkono wangu.

Bangili ilikuja hivi. Wiki ya tatu baada ya harusi, wanawake walikuwa bado wanakuja kunitazama, siku nyingine kumi kwa mpigo. Siku hiyo akaja mama mmoja, baibui la hariri, na binti mwenye kamera, na bakuli la halwa. Alipofungua mdomo nilitaka kumwangukia miguuni, kwa sababu alizungumza kama sisi, Kiunguja chetu kabisa. Tangu nifike huku nilikuwa sijakisikia, maana mavyaa amekulia Tabora na maneno yake ya bara. Akaniuliza kama mama bado anashona kofia. Dada, alijua mama anashona kofia. Akaniambia nimwite shangazi, akanivisha bangili ya dhahabu kwa mkono wake, ya kubana, akasema nisiivue, na yule binti akatupiga picha. Nilidhani ni shoga yake mavyaa.

Jumatatu ile nilimfuata mavyaa jikoni nikamwuliza yule mama wa halwa ni nani kwao. Akaacha kisu.

"Ni nani kwetu?" akasema. "Si shangazi yako? Mimi nikasema moyoni, watu wa Unguja wamemfuata binti yao, na ndiyo maana nikamkaribisha mpaka ndani."

Tukatazamana. Yeye alimpokea kwa ajili yangu, mimi nilimpokea kwa ajili yake, na hakuna aliyemwuliza mgeni jina, kwa sababu mgeni wa bibi harusi haulizwi jina. Seif naye alikuwa ameiona bangili siku ile ile, akasema imeupendeza mkono, basi. Zawadi za wanawake si jambo la mwanamume kuuliza.

Mavyaa akanambia nisiseme kitu mpaka tujue zaidi. Nikanyamaza. Ndilo kosa langu hilo, dada, wala simlaumu yeye. Usiku wa Jumatatu na siku nzima ya Jumanne nilimtazama mume wangu anakula, anaswali, anapiga pasi shati lake mwenyewe, na kila aliponishika mkono nilihisi anashika kitu kinachoweza kumla.

Jumatano asubuhi simu ikalia, nikaipokea. Ilikuwa sauti ile ile tamu. Akaniuliza hali, akaniuliza kama halwa ilitosha.

"Picha zimetoka nzuri, mwanangu," akasema. "Mkono wako umeonekana vizuri. Mwambie mumeo shangazi yako anamsalimu, na yale maziwa yanaungua na jua bandarini, bure."

Akakata. Hakunitukana, hakunitisha kwa neno lolote, na mimi nikakaa chini pale pale kwenye marumaru.

Honi mbili zilipolia saa tisa kasoro robo, sikukimbia. Seif akaingia akiita jina langu, akanikuta nimesimama katikati ya chumba, nimeuficha mkono mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari. Nikamwambia yote kabla hajavua viatu. Hata la filamu nilimwambia, nikaona haya. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akawa anaitazama bangili tu.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Wallahi sikujua."

"Na Jumatatu, ulipojua?"

Ndipo nilipomwona mume wangu anaogopa, dada. Sijawahi kumwona hivyo, na staringi huwa haonyeshwi akiwa hivyo. Aliniambia kwamba mtu akitiwa hatiani kwa rushwa si kazi tu inayokwenda, huenda na yeye mwenyewe akaenda jela. Kisha akasema Jumamosi ofisi ikifunguliwa ataipeleka bangili kwa mkubwa wake na ataandika yote kwa mkono wake, na jina langu litakuwamo, kwa sababu hawezi kuandika nusu.

Bangili ikakataa kutoka. Nadhani mkono ulivimba kwa hofu. Mavyaa akanikalisha bafuni kwa sabuni na mafuta ya nazi, akavuta mpaka ngozi ikachubuka, yeye mwenyewe anatokwa machozi na huku ananitania.

"Ungekuwa mnene ningeiacha," akasema, "tukakukabidhi wewe mzima mzima serikalini."

Nikacheka, na nikalia, vyote pamoja.

Alhamisi na Ijumaa, siku za mapumziko huku, zilipita kama nyumba yenye mgonjwa. Leo Seif ameondoka alfajiri, bangili ameifunga kwenye leso aliyokuwa nayo siku ya harusi. Saa hizi ni kumi na moja kasoro. Kwa kawaida huwa ameshakula na kulala kidogo. Simu nimeinua mara tatu kuona kama inafanya kazi. Sebuleni Zuwena ameweka kaseti ya pili, ile tuliyoiacha Jumatatu bila kuitazama. Hana ubaya, hawezi kustahimili kutojua, lakini kila risasi ikilia huko, kalamu yangu inaruka. Tazama hapa ilipochora.

Nisalimie mama, umpe maneno mazuri tu. Nisalimie bibi aliyenifunza kufukiza nguo, na kaka Ali, na fundi aliyenishonea gauni, mwambie kila mtu huku analisifu. Na nakuomba uulize taratibu, nani mtaani alikuja kuuliza habari za mama na kofia zake.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kuweka jina, nikasikia gari. Hakupiga honi. Naongeza sasa, yeye yuko pembeni yangu.

Bahasha ya zile picha zangu na bangili ilikuwa imefika mezani kwa mkubwa wake asubuhi hiyo hiyo, kabla yake. Seif hakujua. Aliingia, akasalimu, akaiweka leso mezani na karatasi yake juu, na mkubwa wake akaisoma karatasi, akaitazama leso, akaitazama bahasha, akamwuliza kwa nini hakupiga simu Jumatano. Wamempa stakabadhi ya bangili. Amesimamishwa, akae nyumbani mpaka aitwe, na hakuambiwa siku ngapi. Maziwa bado yamezuiwa.

Alipotueleza haya sebuleni, Zuwena, macho mekundu, akasema usijali kaka, hata huyu wa filamu mwisho wake... na Seif akanyanyua mkono.

"Usituambie," akasema. "Sisi bado tuko kaseti ya kwanza."

Akaja akakaa na mimi, akaushika mkono wangu mahala palipochubuka, na ameushika mpaka sasa, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi. Dada, kama huko mmeshaiona filamu hii, na wewe usiniambie mwisho. Tuombeeni dua tu.

Mdogo wako akupendaye, mke wa Seif,
Salma