Redio Imesema Mko Salama

Kaka yangu mpendwa,

U mzima? Nijibu hilo kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Shule nimemaliza. Cherehani ya mama imeharibika tena. Juzi redio ilitangaza kwamba askari wote wa kambi yenu mko salama, na mama akaketi sakafuni akaanza kulia.

"Hawa hawa walisema daraja ni zima, na mimi nikavuka mto kwa kamba! Wakisema yuko salama, basi mwanangu hayupo."

Jirani akamtania, "Haya mwenzangu, wakitangaza mvua, we anika nguo." Mama hakucheka. Tangu hapo anakunywa maji tu.

Naona haya kumwagiza mkubwa wako wa kambi, lakini mwambie asiiachie redio ituambie habari zenu. Awape kila mmoja karatasi aandike nyumbani kwa mkono wake, hata kama habari ni mbaya.

Wewe andika ulikoficha ufunguo wa kabati. Hilo redio haiwezi kulijua.

Nimemwambia mama barua yako iko njiani, akala vijiko viwili. Kaka, sasa na mimi nimetangaza nisilolijua. Tafadhali lifanye liwe kweli.

Mdogo wako,
Kimya