Meza za Banda la Kahawa

Bukoba, Ziwa Magharibi

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Mguu wako unaendeleaje? Kaka Damas ameniandikia kwamba sasa unapanda mpaka shamba la juu bila fimbo, nami nikajua ni wewe uliyemwambia aandike hivyo. Mimi ni mzima kabisa. Mvua za huku hazina adabu, lakini ndizi zimeninenepesha, ukiniona utadhani nimeolewa na tajiri.

Barua yako niliipata. Umeniambia msimu ukiisha nirudi Mbinga, kwa kuwa mwanamke anayesimamia watu ugenini mwisho wake ni aibu. Sikukujibu mapema kwa sababu ilibaki kidogo maneno yako yatimie. Ngoja kwanza nikueleze yaliyonipata, ndipo nikupe jibu.

Unajua nilikuja kusimamia banda la kuchambulia kahawa. Banda lenyewe limenizidi umri, na tangu lijengwe wanawake wanatoa buni mbovu wakiwa wamekaa chini juu ya magunia, migongo imepinda, vumbi limejaa puani. Tangu Azimio la Arusha litangazwe, Ndugu Meneja anatuhubiria kila Jumatatu kwamba kazi ni yetu sote na kila mtu atoe mawazo yake. Basi nikatoa langu: meza na mabenchi. Seremala mmoja wa Bilele akazitengeneza vizuri, zina kingo ili buni zisimwagike. Wazee wa halmashauri ya banda wakagunaguna, wakasema zijaribiwe, halafu kikao kiamue zibaki au zipasuliwe kuni. Mimi nikajiona nimeshinda tayari. Unanijua.

Asubuhi ya kwanza Koku alikaa benchi la mbele. Ni binti wa Kishanda aliyeolewa hapa Nshambya, na mikono yake ni myepesi kuliko ya wote. Mara akaingia Mzee Rwegasira, mkuu wa ghala, ambaye ndiye baba mkwe wake. Na kwa Wahaya, Baba, mwanamke hakai juu mbele ya mkwe wake. Hushuka akapiga magoti, ndipo amsalimie. Koku alishuka kama aliyekalia kaa la moto, sinia lake la kahawa likamfuata. Wenzake nao, kwa kuwa mzee ni mzee wa wote, wakashuka. Buni nzuri na mbovu zikachanganyika sakafuni. Tukaokota. Tulipomaliza tu kuokota, akaingia mzee mwingine.

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kuuliza, nikatoa amri: marufuku kupiga magoti saa za kazi. Kesho yake walikuja wote, wakanisalimu vizuri, wakakaa chini. Chini ya meza, Baba! Meza zangu zikawa paa lao. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Koku akaniambia kwa upole, "Dada Hilda, wewe hapa si mke wa mtu. Sisi jioni tunarudi kwa watu. Nikimkalia mkwe wangu kichwani atanirudisha Kishanda, na watoto wangu watabaki kwake."

Niliona haya. Nilikuwa nikihangaikia migongo yao, kumbe wenyewe wanahangaikia nyumba zao. Na kikao kilikuwa wiki iliyofuata.

Jumapili baada ya misa nikaenda Nshambya kwa Mzee Rwegasira. Nyumba yake imetandikwa nyasi mbichi, inanukia vizuri. Alinisogezea kigoda kwa kuwa mimi ni mkubwa wa kazi. Nikashukuru, nikakaa kwenye nyasi pamoja na mke wake. Wakanipa akamwani, zile buni za kutafuna ambazo mgeni hupewa kabla ya kitu kingine chochote. Nikatafuna.

"Umekuja kuniamuru?" mzee akauliza.

"Nimekuja kuomba, waitu," nikamjibu kwa neno lao la heshima.

"Mnataka wake za watoto wetu watukalie juu. Kesho watatuita kwa majina."

Kabla sijajibu, mkewe akacheka. Yule mama hawezi tena kunyooka; anatembea akitazama ardhi. "Mgongo wangu niliuacha katika banda lile," akasema. "Kila ulipopita nilikuwa chini tayari. Hukupata taabu ya kuniona."

Mzee akachukua buni nyingine, akatafuna. Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamwambia sitaki wanawake waache kumheshimu. Wamsalimie nje ya banda, kabla ya kazi, kwa magoti na kila kinachompasa. Akishawaitikia, basi, humo ndani awe mfanyakazi kama wao.

"Na wazee wengine?"

"Wakiona wewe umekubali, nani atabisha?"

Akainuka, akanisindikiza mpaka barabarani.

Jumatatu nilimkuta amesimama nje ya banda kabla ya kengele. Wanawake wakapiga magoti uwanjani, naye akawaitikia mmoja mmoja, bila haraka. Halafu akasema neno kwa Kihaya, wakatazamana. Koku akanitafsiria: "Amesema salamu zimeisha. Humo ndani hana mkwe mpaka jioni."

Wakaingia, wakakaa mezani. Baadaye mzee akapita na gunia begani. Koku akaanza kushuka. "Kahawa inakungoja!" mzee akamkemea, akaendelea na safari yake bila kugeuka. Koku akabaki benchini, anachambua. Mimi nikaenda nyuma ya ghala nikalia, na sioni haya kukuambia.

Kwenye kikao wazee wenzake wa halmashauri walipoanza tena habari ya kuni, Mzee Rwegasira aliwaambia wakapasue kwanza vigoda vyao. Meza zimebaki. Ndugu Meneja ameniomba niende Muleba nikafanye kazi hiyohiyo katika banda la huko, nami nimekubali. Kwa hiyo jibu langu ni hili, Baba: msimu huu sirudi. Sikuvunjii heshima. Kazi hii naiweza, na ningependa usikie hilo kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Msalimie kaka Damas, mwandishi wako mwaminifu. Msalimie shangazi Otilia aliyenifundisha ubishi, na umwambie umenifaa.

Likizo nitakuja. Najua itakavyokuwa: Mama atawaletea ugali pale sengu, mnapokula wanaume peke yenu, atautua, atarudi jikoni, nami nyuma yake. Miaka yote nimetembea nyuma yake hivyo bila kuwaza kitu. Sasa nawaza. Sitatoa amri, Baba, hilo nimejifunza. Nitapiga magoti mlangoni nikusalimie kama inavyokupasa, kisha nitakuomba jambo moja tu: umwambie Mama aketi, ale na wewe.

Mwanao mkaidi,
Hilda