Kisanduku cha Pili Ulichokipeleka Magara

Kwako Ramadhani, uliyekuwa mchumba wangu na fundi mwenzangu,

Juzi Jumanne, saa nne asubuhi, nilipoteza hisia katika vidole viwili vya mkono wa kulia. Ni vilevile ninavyoshikia waya wa risasi nikilehemu. Hata sasa nikivigusa, ni kama nagusa vya mtu mwingine.

Nilikuwa nafuta vumbi sebuleni kwa mama. Nikachomoa kile kisanduku tulichomtengenezea cha kupunguza mwanga wa taa, nikakirudisha kwenye prizi, nikashika kitufe chake cha chuma. Umeme ukanitupa hadi kwenye kabati. Mama akapiga kelele, "Zena! Uko muzima?" Kitufe hicho, Ramadhani, mama amekizungusha kila magharibi kwa miezi minane!

Unakumbuka meza yetu pale Rumonge, harufu ya mawese ikituingilia dirishani? Sikupita shule ya ufundi. Nilijifunza kwa macho, kando yako. Umeme wetu unageuka mwelekeo na kupita sifuri mara mia kwa sekunde, kila baada ya milisekunde kumi. Chipu ya kisanduku ikiiona sifuri, ikasubiri milisekunde tano ndipo iwashe, taa inapata nusu ya nguvu. Siku niliyoipiga hesabu hiyo mwenyewe ulicheka: "Aa, huyu atanifukuza kazi!"

Lakini chipu isigusane na volti 230. Katikati kinakaa kile kidude cheusi: upande mmoja kinawaka, upande wa pili kinauona mwanga, basi. Ukasema, "Ni kama mimi na wewe mbele ya shangazi. Tunaonana, hatushikani." Nilicheka hadi nikaunguza meza.

Jumanne nilifungua kisanduku cha mama. Kidude hicho hakimo. Umeunganisha waya wa ukutani na waya wa chipu moja kwa moja, ukafunika kwa gundi.

Vidude hivyo vilikuwa vimetuishia, najua. Ukaenda Bujumbura, ukarudi: "Nimepata vyote, Zena. Wewe funga tu." Nami kwa kukuamini nikaunga chuma cha kitufe kwenye waya huohuo wa chipu, ili taa isichezecheze. Plagi ya miguu miwili inaingia vyovyote. Ikiingia hivi, kitufe kimetulia. Ikigeuka, kitufe ni umeme mtupu. Njia mbili, moja inaua. Mama hakuwahi kuigeuza. Niliigeuza mimi.

Ulipooa mwingine nilinyamaza. Hilo lilikuwa lako. Hili si lako peke yako, kwa sababu tulitengeneza viwili. Cha pili ulikipeleka Magara, kwa mama aliyejifungua, ukasema mutoto wake halali taa ikiwa kali. Jina hukunitajia. Nimekupigia mara kumi na saba. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote, labda mama huyo naye aisome: mama wa Magara, usiguse kitufe. Zima kwanza umeme wa nyumba nzima, ndipo uchomoe.

Sitaki sababu, sitaki pole. Leo ni Alhamisi. Kesho saa sita, kabla ya adhana ya Ijumaa, nataka mstari mmoja kutoka kwako. Ukikosekana, nitagonga milango ya Magara mmoja mmoja, nikitaja majina yetu yote mawili.

Nyumba ipi, Ramadhani?

Mchumba wako wa zamani,
niliyekaza skrubu ya mwisho