Mama, Usilie Kakule

Mama yangu,

Ukae chini kwanza. Kama umeshika sufuria, uiweke, na mwenye anakusomea asome polepole. Goti yako iko je? Baridi ya Butembo inaiachaka kidogo? Na ile mbuzi yenye ilikula kitenge yako, iko bado hai ao mulisha kuilipisha na pilipili? Mimi hapa Bwera, ngambo ya Uganda, niko muzima. Nakula, nalala, meno yote iko mu kinywa.

Naandika mbio juu najua habari ya uongo inapitaka mupaka wa Mpondwe bila kuonyesha karatasi. Kama mutu alisha kukuambia Kakule alikufa, usilie. Alikufa kweli. Lakini alisha pona.

Sasa acha nikueleze. Wewe unajua Kakule ni lori yetu. Papa aliinunua nyuma ya Kasereka wa tatu kuzaliwa, akasema huyu ni mutoto wangu wa ine, akaipatia jina ya mwanaume wa ine. Mimi kufika, nikakuta nafasi imeshikwa, bakaniita Katembo, jina ya wa tano. Sisi kwetu tunacheka. Batu ya huku hawajui kama yaya yangu, mukubwa wangu, iko na matairi.

Siku ile nilikuwa natoka Kasenyi na samaki ya chumvi, naleta ku soko ya Bwera. Karibu na Kikorongo moteur ikaanza kukohoa, ikagonga ndani kama mutu amefungiwa mu choo, alafu moshi nyeusi, alafu kimya. Samaki nikahamisha mu gari ingine. Kakule bakaikokota mpaka Rukoki, kwa fundi moja wa kabila ya Bakonzo. Akaingiza kichwa mu moteur, akakaa mule murefu, mpaka nikaogopa na yeye amekufa. Akatoka, akapanguza mikono.

“Rafiki,” akasema, “hii moteur haitengenezeki. Tafuta ingine, ao umuite mutu wa kununua chuma ya zamani akuje kuikata.”

Mama, pale hata mimi mucheko iliniishia. Moteur ingine sikuwa na ya kuinunua. Na kuikata, ningekuambia nini wewe? Ni ile tu papa alituachia, na ni ile inanilisha, na inakulipia dawa ya goti.

Nikapigia simu jirani yangu, mama moja alifika juzi juzi kutoka Beni. Nikamuambia, “Mama, Kakule amekufa ku njia. Leo silali nyumbani. Unifungie kuku.” Simu ikazima. Kosa ni yangu, najua. Lakini tangu nizaliwe sijaipatia ile gari jina ingine.

Kesho yake nikapanda taxi nirudi Bwera kutafuta mutu wa chuma. Kufika kwangu nakuta batu bamejaa mu kiwanja. Bamesimamisha bâche ya kivuli, moto inawaka, bamama bameketi ku mikeka, bamefunga vitambaa ku kichwa. Shirika yetu yote ya kanisa. Nikafikiri ni wewe, mama. Nikauliza, nani amekufa? Bakanishika mikono pande zote, mzee moja akanong’ona, muacheni, kichwa imemuruka juu ya huzuni. Nikauliza tena. Jirani akalia kwa nguvu: “Si ni Kakule, yaya yako?”

Nikataka kucheka, nikataka kulia, ikatoka kama kikohozi. Alafu nikaona ile beseni katikati yao, ya muchango. Jogoo imefungwa pembeni, mifuko ya maharage iko pale. Mama, sitakudanganya, shetani alinisalimia na jina yangu yote. Lakini nikaona jirani vile macho yamemuvimba. Nikapandisha sauti:

“Wandugu, munisamehe. Kakule ni gari.”

Mutu moja aliweka kikombe chini polepole. Jirani akajifunika uso na kitenge. Mama Josephine, mwenye kuongoza shirika, anauzaka chumvi na haogopi mutu, akaniangalia.

“Gari gani? Ile ya bleu?”

“Ndiyo, mama.”

“Yenye ilitutoa Kasindi ile siku ya kukimbia vita? Yenye ilibeba mama yangu na kitanda yake?”

“Ni ile.”

Akavuta mukeka yake, akaketi vizuri zaidi. “Basi mimi sinyanyuki. Tuko ku matanga ya haki.”

Mzee wa kunong’ona akauliza fundi anasema nini, mugonjwa anaweza kupona? Nikasema anahitaji moteur. Nikaanza kubarudishia vitu vyao. Mama Josephine akanipiga mukono. “Tulitoa juu ya Kakule. Nani alikuambia tulitoa juu ya sanduku ya maiti?”

Hivi ndio ilikuwa. Fundi akapata moteur ya gari yenye ilianguka mu mufereji huko Bulembia, muchango ikailipa, na jogoo akaikula yeye. Kuiwasha, ikawaka mara moja, nikakumbatia fundi na grisi yake yote. Alitaka kubadilisha honi pia, nikamukatalia. Ni ya papa. Juzi tulienda soko, Mama Josephine ameketi mbele kama shangazi wa bibi arusi, kila kilima anauliza, “Anapumua vizuri?”

Mama, neno yako ya kuoa nimeikubali. Ningekuwa na muke, angewaambia ni gari.

Kama ulisha omba misa ya wafu, uambie padri aigeuze ikuwe ya shukrani. Jina isibadilike.

Unisalimie yaya Paluku mukubwa wetu, yaya Kambale fundi wa viatu, na Kasereka, umuambie mudogo wake amepona. Usalimie tantine Masika wa ku kona, na mutoto wa Paluku mwenye anakusomea hii. Asiruke hapa: abusu bibi yake ku shavu.

Njia ikitulia nitavuka na Kakule. Utasikia honi pa kanisa, fupi fupi alafu murefu, vile papa alikuwa anapiga akirudi. Usikimbie inje na ile goti. Weka tu maji ku moto.

Mimi mutoto wako wa tano, ao wa ine kama unahesabu benye kula ugali,

Katembo