Mbeyu Amepoa

S.L.P. 61,
Gede.
14 Julai 2024

Mpendwa ndugu yangu Kambi,

Shikamoo yako ya simu niliipata, nami naiitikia hapa kwa kalamu: marahaba, mdogo wangu. U hali gani na hiyo baridi yenu? Bado wavaa soksi mbili mbili? Sisi huku hatujambo. Mvua imekatika juma lililopita, mihogo imeshika, na mguu wa mama umepungua uvimbe tangu tumkataze kuchota maji mwenyewe. Mahamri yangu yangalipo pale steji, na wateja wangali wakilalamika kuwa ni madogo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ulitaka fomu yenye sahihi ya wino, na Bridgit, yule muuguzi wa mradi wenu, anasafiri kuja huko Jumanne. Fomu yako imo ndani ya bahasha hii. Usiitoe kwanza. Soma barua, fomu itangoja.

Ujumbe wako wa mwezi uliopita niliusoma mara nne. Wasema Mbeyu wangu ndiye aliyefanya vizuri kuliko watoto wote kumi na wanne wa mradi, na kwamba mwezi wa tisa utasimama mbele ya wakubwa zako na picha yake ubaoni. Waomba picha mbili, moja ya zamani na moja ya sasa, pamoja na sahihi yangu kuwa nimeridhia. Ukamalizia na kile kikatuni cha mikono inayoomba. Ahsante kwa kunipigia magoti kwa kidole kimoja.

Basi nikukumbushe mtoto unayemtaka. Mbeyu ana miaka tisa, na katika miaka hiyo yote alikuwa amepata maneno manne: mama, maji, kuku, na Kambi. Simu ikilia, hata ikiwa ya jirani, alikuja mbio akipiga kelele Kambi, Kambi, kwani kwake yeye simu ilikuwa wewe. Alipiga kifuniko cha sufuria kwa mwiko tangu alfajiri. Kanisani alipiga makofi baada ya amina, watu wote wakiwa kimya, na Mchungaji Gerishom alizoea kumngojea amalize. Aliniuma pia, kovu la mkono wa kushoto wewe walijua. Asubuhi za kukaanga mahamri nilimfunga leso kiunoni nikaishikiza kwenye mguu wa meza, asije akauendea moto, naye alilia hadi sauti ikamkauka. Sikufichi kitu.

Krismasi ulipokuja ulitukalisha ukatueleza kazi yako ya miaka sita. Kuna kosa dogo alilozaliwa nalo Mbeyu, ukasema, na kosa hilo hufanya ubongo wake uwe na makelele yasiyokwisha. Mliwapa dawa panya wenye kosa kama lile, panya wakatulia, wakajifunza njia ya kwendea chakula. Sasa ilikuwa zamu ya watoto. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilitia sahihi kabla hujamaliza kusema. Sikukuuliza panya hao, walipotulia, ni nani aliyewahoji.

Ukaongeza jambo, tena kwa majivuno. Maswali ya mradi uliyaandika wewe mwenyewe kwa Kiswahili cha nyumbani, hukutaka yale ya Nairobi yanayonuka ofisi. Neno la kuulizia kama mtoto amepata nafuu ulilitoa kinywani mwa mama, vile alivyokuwa akituwekea kiganja kwenye paji tukiwa na homa na kuuliza, umepoa, mwanangu? Tulicheka sote siku ile. Lilikuwa neno zuri.

Sasa sikia lilivyofanya kazi. Februari, Bwana Mwenda, karani wenu wa kutoka Meru, mtu mzima mwenye adabu zake, alikuja na kishikwambi akanisomea: tangu nilipokuja, mtoto amepoa? Mbeyu alikuwa amepunguza mbio. Nikasema amepoa kidogo. Machi zilipita siku tatu hajakigusa kifuniko cha sufuria. Nikasema amepoa. Aprili nilimwona nzi akimtembea mdomoni naye hamfukuzi, na Mwenda alipouliza nilimshika mkono, nikamwambia, "Amepoa mno, Bwana Mwenda. Amepoa mpaka naogopa."

Akatabasamu. "Hiyo ni poa, mama," akasema, akabonyeza.

Kwao Mwenda poa ni vizuri. Kwako wewe kupoa ni kupona. Kwangu mimi siku ile, mtoto alikuwa amepoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Tulikuwa watu watatu kwenye neno moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ana maana gani. Na kanuni yenu ndiyo ile, aliyepoa huongezewa dawa. Nusu kidonge kikawa kimoja, kimoja kikawa viwili. Mimi ndiye niliyekuwa nikivisaga na kumlisha kwa asali.

Hapa nakwambia kitu ambacho hata mama sijamwambia. Mwezi ule wa Machi nilifurahi. Nililala usingizi. Nilikaanga mahamri bila leso, bila kelele. Akina mama wa kanisani walinisifu kuwa mtoto ameshika adabu, nami nikazipokea sifa nikashukuru. Kwa majuma kama sita nilimpenda mtoto yule kuliko nilivyowahi kumpenda Mbeyu. Ukitafuta kitu cha kuwaonesha wakubwa zako, waoneshe hicho.

Aliyegutuka ni Daktari Cherop wa mradi wenu, alipokuja mwezi wa tano kutoka Kilifi. Aliketi naye mkekani nusu saa. Alimtikisia funguo, akamwita jina, akampapasa nyayo. Kisha akanigeukia akaniuliza zamani mtoto huyu alikuwa akifanya nini. Nikamweleza habari za kifuniko, na makofi, na simu. Akaandika dawa ianze kupunguzwa siku ile ile hadi iishe. Nilipomuuliza kama mtoto atarudi alivyokuwa, aliniambia huenda, na huenda asirudi, hakuna anayejua, kwani panya hawakufuatwa hadi huko. Mama alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Kambi alichukua neno langu akalipeleka pabaya," mama akasema. "Huyu hakupoa. Huyu amezimwa."

Cherop alikuandikia. Najua, maana jibu lako alinionesha kwenye simu yake. Ulimjibu kwamba vipimo havioneshi madhara, damu ni safi, uzito umeongezeka, na nafuu imeshuhudiwa na mama mzazi mwenyewe miezi mitatu mfululizo. Mama mzazi mwenyewe ndiye mimi, Kambi. Kumbe hukuona haya kuandika hivyo. Namba yangu unayo, na hukupiga hata mara moja kuniuliza nilikuwa nikisema nini. Ulinisimamisha shahidi juu ya mwanangu, halafu ukaniomba picha.

Mbeyu hajameza dawa hiyo sasa yapata mwezi na nusu. Kila asubuhi namwekea sauti yako, ile uliyomrekodia siku yake ya kuzaliwa. Mwanzoni nilifanya kwa matumaini. Siku hizi nafanya ili hasira isinipungue. Jumatano ulipopiga tulikuwa tunakula, na wewe ukalalamika baadaye kuwa sikupokea. Sikupokea kwa sababu nilikuwa namtazama yeye. Simu ililia pale mezani hadi ikakata, na hakugeuza shingo.

Nasikia watakaofuata ni watoto mia moja, kuanzia Takaungu, tena kwa maswali yale yale, kwa kuwa yalifanya kazi vizuri.

Haya, sasa toa fomu. Picha hazimo. Ile ya zamani ni yangu, na ya sasa hainifai mimi wala wewe. Penye sahihi nimepaacha peupe. Lakini pale panapomtaka mzazi aeleze hali ya mtoto kwa maneno yake mwenyewe, nimejaza. Nimeandika neno moja tu: amepoa. Wewe ndiwe mfasiri wa mradi. Simama mbele ya wakubwa zako ulifasiri, kwa maana yangu mimi, kabla Mwenda hajabisha hodi Takaungu. Usipofanya, nitakwenda mwenyewe nikalifasiri mlango kwa mlango, na jina lako nitalitaja wazi, maana aliyekuwa akilitaja hapa nyumbani hana tena neno hilo.

Mama akusalimu, asema ule vizuri. Janet wa Watamu akusalimu na amejifungua salama, mtoto wa kike. Mchungaji Gerishom akusalimu sana. Yeye bado hungoja kidogo baada ya amina.

Mungu akuhifadhi huko uliko, akuepushe na maradhi ya kifua, na akulaze mahali penye joto. Hilo nakuombea kwa moyo mmoja, usidhani nakejeli.

Mbeyu yuko hapa ubavuni mwangu ninapoandika. Nimemuuliza kama ana salamu zako, kalamu nikiwa nimeiinua tayari. Nimengoja sana.

Akupendaye, hata kwa haya yote,
dada yako,
Kanze